Mtani wa Njia ya Wapagazi

Jina lake sitalitaja. Mtaa mzima ulimwita Mtani, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa Mzaramo aliyeishi kati ya Wanyamwezi, fundi wa kusuka vitanda vya kamba, na tangu enzi za misafara Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja anaweza kumtukana mwenzake mbele ya wakwe, akamnyang'anya sahani ya chakula, akaingia msibani akicheka, na aliyetendewa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Watu wengi huutoa utani siku ya harusi au ya maziko, kisha wakaurudisha ndani. Yeye aliuvaa kila siku kama kanzu.

Mimi naye tulijuana kwa ajili ya maji ya mvua.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimerudi Tabora kutoka chuoni Uganda, nina diploma ya upimaji na ujenzi. Niseme wazi, kwa kuwa wapo wanaodhani nilibebwa: baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mrina asali wa Ipole, na ada yangu ya kwanza ilitoka kwenye nta. Hakuna mjomba wala mkuu aliyenishika mkono. Katika ofisi yetu ya ujenzi mimi nilikuwa Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa darubini ya kupimia ardhi bila Mzungu kusimama nyuma yangu. Diploma niliitia kioo nikaitundika sebuleni. Ipo mpaka leo, na wajukuu wanaipangusa vumbi.

Kazi niliyopewa iliwashinda wengine kabla yangu. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikaenda Ujiji, ilipita katika mtaa wa Mtani. Miguu ya wapagazi ilikuwa imeikanyaga vizazi na vizazi, hata ikazama chini kama mfereji. Misafara ilipokoma watu hawakuiacha njia. Babu zao walikuwa wamefanya biashara pale, na waliamini baraka huja kwa mlango unaotazama njia. Basi wakajenga nyumba ukingoni, milango ikiitazama njia isiyopitwa tena na mtu. Kilichopita ni maji. Kila masika mvua ya upande wa Ipuli iliingia katika njia ile ikateremka mtaani, na milango ya baraka ikayapokea maji sebuleni. Mwaka mmoja kabla sijarudi, yaliondoka na mtoto mchanga.

Serikali ikaamua uchimbwe mtaro mkubwa wa kuyapokea maji yote na kuyamwaga katika korongo lililo chini ya mji. Nilipima, nikapima tena. Mstari mzuri ulikuwa mmoja tu, nao ulipita ndani ya nyua za watu.

Siku ya kwanza Mtani alinikuta nimeinamia darubini. Hakunisalimia mimi. Aliisalimia miguu yake mitatu ya mbao.

"Shikamoo, mzee wa miguu mitatu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mpagazi, leo umebeba nini?"

Nikamjibu kwamba mimi si mpagazi, ni mpimaji wa serikali, mwenye diploma.

"Diploma," akasema, akiionja kama mchuzi. "Nzito? Hubebwa kichwani au begani?"

Vibarua wangu walicheka mpaka mmoja akaangusha vigingi vyake. Mimi sikucheka. Sikupata diploma ili niwachekeshe vibarua. Mtani alinitazama usoni kwa muda, kisha akawaambia wenzangu, "Msimcheke. Mtu asiyechekeka ni dawa, huwekwa akiba." Akaenda zake, bunda la kamba begani.

Kwa sababu ya kazi yake aliijua kila nyumba kwa ndani. Fundi mwingine hubisha hodi. Yeye aliingia moja kwa moja hadi chumbani, akakibonyeza kitanda kwa goti, akatangaza kwa sauti ya kusikika uani kwamba kimelegea na kwamba mwenye nyumba aeleze sababu. Alipomaliza kukisuka alimwita mtu mnene kuliko wote pale nyumbani akilalie. Kikibonyea, alikifungua chote akaanza upya bila kudai ujira zaidi. Katika kamba hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa akisema, "Mtu humwongopea jirani, lakini haongopei mgongo."

Kumwongopea jirani alikujua. Kisa kilichompa sifa, na ambacho baadaye kilimtoa machozi, ni cha kodi. Siku ya Idi wanaume wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye jamvi uani kwa fundi cherehani, sinia la pilau limeshatua. Mtani akaja mbio, kofia mkononi, anahema. "Kodi! Bwana Shauri na askari wako kwenye mwembe wa kwanza." Wengi walikuwa bado hawajalipa. Waliruka ukuta, wakaingia porini na nguo zao za Idi, wakalala kwenye miiba. Waliporudi jua limeinama, walimkuta Mtani peke yake kwenye jamvi, sinia tupu, anajifuta vidole.

"Wanyamwezi mna mbio," akawaambia. "Sasa nimejua pembe za ndovu zilifikaje pwani mapema."

Wangemfanya nini? Walicheka. Walikisimulia kisa kile miaka, na kila walipokisimulia walikuwa wakijifunza jambo moja bila kujua: Mtani akija mbio, kaa ule.

Fundi cherehani huyo ndiye aliyenipa tabu kuliko wote. Alikuwa Mnyamwezi, Mwislamu wa mji, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mstari wangu ulikata ukuta wa ua wake na kupita mahali alipokuwa amezika kondo la nyuma la kila mtoto wake. Nilimweleza kwa adabu. Nilimwonyesha ramani niliyoichora kwa mkono wangu, ramani ambayo Mzungu wa ofisini aliiita safi kuliko yake. Akaitazama, akanirudishia.

"Kijana, atakayekata ukuta huu ataanza na shingo yangu."

Nikapeleka habari ofisini. Jibu likawa kwamba asubuhi wataletwa askari. Asubuhi ile vibarua walisimama na majembe upande mmoja, fundi cherehani na ndugu zake upande wa pili, yeye na panga mkononi limelegea kando ya paja. Nilikuwa nasikia kuku wakiparura. Nilijua kwamba askari wakifika na panga lile bado liko nje, mtu atakufa juu ya mstari wangu, na mtaro hautachimbwa milele.

Mtani akapenya katikati yetu akitafuna muwa. Akamnyang'anya kibarua mmoja jembe, akaenda mpaka ukutani, chini ya pua ya fundi, akapiga pigo la kwanza. Udongo ukamwagika.

"Unafanya nini?" fundi akauliza.

"Namtafuta babu yako. Alifia hapa hapa njiani chini ya mzigo wa mtu mmoja, akazikwa na mzigo wake. Nataka ushanga wetu wa pwani." Akapiga tena. "Kaa kando, meno yake yasikurukie."

Niliutazama mkono wenye panga. Misuli ilikuwa inacheza. Nikasogeza miguu nipate pa kukimbilia. Ndugu wa fundi walikuwa wanamtazama yeye, si Mtani. Kumkata mtani ni jambo ambalo ukoo haulisahau. Hata kumnunia ni aibu ya kusimuliwa. Fundi alilijua hilo. Taya lake lilitikisika, nikadhani ni hasira, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia.

"Chimba, mla nazi," akasema hatimaye. "Lakini hujui kushika jembe. Utazikwa humo humo kabla ya adhuhuri."

Watu wakacheka wote kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Askari walipofika walikuta ukuta uko chini, na fundi mwenyewe anaonyesha mahali pa kuhamishia jiko. Nyua zilizobaki zilifunguka namna hiyo. Kila palipokuwa na ubishi Mtani alitangulia, akatukana babu za watu, akapiga jembe la kwanza. Mimi nilijua maji yataelekea wapi, na katika hilo hakuna aliyenishinda wala atakayenishinda. Ila diploma haikunipa ruhusa ya kumtukania mtu babu yake.

Basi utadhani alikuwa mtu mwepesi. Hakuwa. Mawingu yakikusanyika upande wa Ipuli alinyamaza katikati ya neno. Alikusanya kamba zake, akakaa mlangoni kwake akitazama juu, wala hata mkewe, Mnyamwezi mwenye ulimi mkali kuliko wake, hakumsemesha. Yeye na mkewe walikaa chini kabisa, kwenye kona ya korongo, pamoja na familia kadhaa zisizokuwa na pa kwenda. Yule mtoto mchanga aliyechukuliwa na maji alikuwa wa jirani yao wa ukuta mmoja. Kitanda chake kidogo alikisuka Mtani. Nilimsikia akifanya mzaha na kaburi, na kipofu, na sheikh wake mwenyewe. Maji hakuyafanyia mzaha.

Kwa hiyo nilipomweleza kasoro ya mtaro, alinisikiliza kwa makini kuliko wakubwa wangu.

Kasoro haikuwa yangu. Mtaro huchimbwa kuanzia mdomoni, kule unakomwagia, kwenda juu. Niliandika hivyo nikasema hivyo. Mkubwa wa ofisi akaamuru tuanze juu, ili watu waione kazi, kwani mabomba ya saruji ya kupitisha maji chini ya barabara ya chini yalikuwa bado hayajaletwa na reli. Tukaanza juu. Nyua zikafunguka, mtaro ukateremka vizuri, pembe zake nimezinyoosha mwenyewe, mpaka ukafika nyuma ya nyumba za konani ukakoma. Mabomba hayajaja. Mwezi wa mvua umeingia.

"Sasa mvua kubwa ikinyesha?" Mtani akauliza. Tulikuwa tumesimama pale mtaro ulipokoma.

"Zamani maji yalisambaa mtaani. Sasa mtaro utayakusanya yote."

"Uyalete hapa."

"Uyalete hapa. Yakikosa pa kutokea, yatapasua."

Akazitazama nyumba za konani, nguo zimeanikwa, mwanamke anatwanga. "Nimewafungulia watu kuta kwa kicheko," akasema, "maji yapite yaje kwa hawa." Hakuniita Mpagazi siku hiyo.

Nikaandika tena ofisini, nikaweka mifuko ya mchanga. Mifuko ya mchanga ni ya kumtuliza anayeiweka. Kila alasiri nilikwenda kusimama pale kwenye mwisho wa mtaro, nikatazama juu, na kila alasiri nilimkuta Mtani ameshafika. Mawingu yalijaa, yakapita, yakajaa tena. Vibarua wakaanza kusema kwamba mwaka huu hakuna mvua.

Ilikuja siku ya harusi. Binti mmoja wa konani alikuwa anaolewa, na mtaa mzima uliteremkia huko, fundi cherehani akiwa mbele maana ndiye aliyeshona. Jua lilikuwa linawaka kwetu, huku upande wa Ipuli mbingu imekuwa nyeusi kama chungu. Nilikuwa juu kwenye mtaro nikiwa na ufito wangu wa kupimia. Maji yalifika kwenye alama ya kwanza, na kabla sijageuka yakaifunika ya pili. Mtani alikuwa kando yangu. Aliona, akakimbia. Mzee yule alikimbia kanzu ameikunja kiunoni.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na fundi cherehani mwenyewe. Masinia yalikuwa yametua. Mtani akaingia anahema, kofia mkononi. "Maji! Tokeni! Maji yanakuja!"

Wakamtazama. Jua linawaka. Kisha mtu mmoja akasema polepole, "Leo pilau hutaila peke yako, Mtani," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Akamshika bibi harusi mkono amvute, wakapiga vigelegele. Akalia machozi. Wakampigia makofi kwa namna alivyojua kulia. Mkewe mwenyewe, aliyekuwa anapakua, alimwambia akae aache kuwaharibia watu shughuli.

Nilimwona akirudi, anapanda kando ya mtaro, anajikwaa. Maji yalikuwa yamefika juu ya alama ya tatu, na kule chini ukingo ulikuwa umeanza kutoa jasho.

"Hawanisadiki," akasema. "Nenda wewe. Wewe hujamchekesha mtu tangu uzaliwe."

Nikaenda. Nasema kwa fahari, maana wengine husimulia kana kwamba ni bahati: niliingia uwanja ule kwa hatua za kawaida, nikavua kofia ya serikali, nikasimama mbele ya masinia. Sikupaza sauti.

"Ukingo wa mtaro unapasuka. Shikeni watoto, pandeni upande wa msikiti. Acheni vyombo."

Kicheko kilikatika kama kamba. Walinitazama usoni, na usoni hapakuwa na kitu cha kuchekea, hapajawahi kuwa. Fundi cherehani akainuka wa kwanza akambeba mama yake mzazi. Wakapanda wote, bibi harusi miguu mitupu, na mkewe Mtani akiwa na watoto wawili wa jirani kwapani. Ukingo ulipopasuka mlio wake ulikuwa kama wa behewa linalogongwa. Nyumba za konani zilikwenda zote, na ya Mtani ilikuwa ya kwanza. Tulisimama kwenye kilima tukaona vitanda vyake vinaelea, kimoja baada ya kingine, vimekaza, havijabonyea, vinaingia korongoni.

Hakupotea mtu hata mmoja. Watu walihesabiana, wakahesabiana tena, kisha mmoja akamgeukia Mtani akingojea aseme neno, maana mahali kama pale neno lake ndilo lililohitajika. Mtani akakaa chini kwenye tope.

Mabomba yalikuja baada ya hapo, upesi mno. Mtaro niliumalizia mdomoni, nao unapitisha maji mpaka leo; nenda kautazame. Familia za konani zilipewa viwanja juu. Mtani alirudia utani wake taratibu, babu za watu wakaanza kutukanwa tena, ila hakuwahi kuja mahali popote akikimbia. Hata mvua ikimkuta njiani, alitembea. Nami aliniambia, tukiwa wawili, maneno ambayo sijayasikia kwa mwingine: "Mpagazi, uso wako ule usiuharibu." Niliyapokea kama cheti cha pili.

Nikahamishwa. Nilijenga madaraja mawili mahali pengine, nikapata watu wa chini yangu, nikanunua gari. Niliporudi Tabora kwa likizo, Uhuru ulikuwa unanukia, na watu wakaniambia Mtani yuko kitandani, anajitia ugonjwa.

Nilimkuta katika nyumba yake ya juu. Mkewe alikuwa kibarazani anapepeta mpunga. Nikamwamkia. "Marahaba. Pita, mwanangu. Anakufa," akasema bila kuinua macho. "Kila mwezi anakufa. Mwezi uliopita alituita wote tukaja na sanda, akaomba uji."

Alikuwa amekonda. Kitanda alichokuwa amelalia alikisuka mwenyewe, lakini zamani, na kilikuwa kimebonyea katikati. Jambo hilo lilinitisha kuliko mashavu yake.

"Mpagazi," akasema. "Wiki hii nakwenda."

"Najua," nikamwambia.

Akafumba macho, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tukakaa. Nje ungo ulikuwa unapiga, shaa, shaa.

"Siku ya kunizika mtani wangu ni wewe. Utaingia kaburini kabla yangu, ulale, ukatae kutoka mpaka wakupe kitu. Utawatukana. Watu wacheke." Akapumua. "Lakini wewe huwezi."

"Kazi zote nilizozikuta nimeziweza."

"Hii hawaifundishi Uganda. Jaribu."

Nilitazama dari. Nilitazama mikono yangu. Kisha nikainama, nikaweka jicho usawa wa kamba, kama nilivyozoea kuiinamia darubini, nikakitazama kitanda kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mla nazi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "mteremko wa kitanda hiki ni mbovu. Mkikuosha hapa maji yatatuama kiunoni. Fundi aliyekisuka alikuwa Mzaramo, alilala kabla ya kumaliza."

Alifumbua jicho moja. Kifua kilianza kutikisika, bila sauti, kikatikisika mpaka machozi yakamtoka pembeni.

Nje, ungo ulinyamaza.

Nilisikia mpunga ukimwagika sakafuni. Mkewe akaja akasimama mlangoni, akanitazama mimi, si yeye. Alinitazama usoni, uso ule ule uliowaondoa kwenye masinia ya harusi. Kisha akaingia, akakaa miguuni pa kitanda, akamshika mumewe unyayo kwa mikono miwili, wala hakucheka.